Maji ya kuangalia tu: mimi, kibwawa changu cha uani na mabibo ya Mtwara

Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Newala mara ya kwanza baada ya bwawa kujaa alisimama pale ukingoni, mkono kiunoni, akaangalia weee, halafu akaniuliza, "Mwanangu, haya maji ya nini?" Nikamwambia ya samaki, mama. "Tutawala lini?" Nikamwambia hawa wekundu hawaliwi mama, hawa wa kuangalia tu. Akasema "haya", ile haya ambayo kila aliyeolewa anaijua, akaenda zake jikoni.

Na mimi namwelewa jamani. Yeye kakulia kule juu Umakondeni, enzi zao maji ni kushuka bondeni na ndoo kichwani alafu kupandisha ule mlima tena, maji ya kuoga unayaoshea vyombo kwanza, sasa anafika kwa mkwewe anakuta lita elfu 4 na ushee zimekaa uani zinaangaliwa. Ni kama kumkuta mtu anatandika noti chini azione zilivyo nzuri. Basi haya ninayoandika leo ni ya miaka yangu mitatu na hili bwawa hapa Chuno, Mtwara mjini, maana watu wananiuliza sana wakija kuchukua nguo (nashona barazani, bwawa lipo pembeni hapo, mteja akisubiri kufungiwa vifungo anaangalia samaki) na nimechoka kurudia yale yale kila siku.

Nilianza mwezi wa saba 2022. Kusi linapuliza, kazi za kushona zimepungua, nipo tu na simu naangalia video za Wajapani na Waingereza na mabwawa yao ya koi, maji kama kioo. Kitu ambacho sikukijua wakati ule ni kwamba nusu ya ushauri wa wale watu unahusu baridi. Bwawa likiganda ufanyeje, samaki wakiacha kula kwa baridi ufanyeje. Sisi barafu tunaiona kwenye friji tu. Shida zetu ni kinyume kabisa na zao na hakuna video iliyoniambia, nikaja kuambiwa na samaki wenyewe kwa kufa.

Vipimo vyangu ni mita 3 kwa 2, kina sentimeta 70. Ukitaka kujua lita ngapi, zidisha urefu kwa upana kwa kina, vyote kwa mita, alafu zidisha na 1,000. Mimi inakuja 4,200. Jua hiyo namba yako kabla hujanunua samaki hata mmoja, maana dawa, chumvi, pampu, idadi ya samaki, kila kitu kinategemea hiyo namba, na utashangaa watu wangapi wana bwawa na hawaijui.

Fundi alinijengea kwa tofali za saruji, akapiga plasta, akamalizia na niru ikang'aa vizuri. Mimi nikataka samaki wiki inayofuata. Akaniambia, "Dada, hiyo saruji mbichi, utaua. Jaza, mwaga, jaza, mwaga, na utie vipande vya mgomba humo." Ile chokaa ya kwenye saruji inatoka inaingia kwenye maji, maji yanakuwa makali samaki anaungua matamvua. Kwa hiyo nilijaza nikamwaga mara tatu, kila mara maji yakikaa kama wiki hivi, mgomba ukaoza humo ukanuka mtaa mzima. Mwezi ukaisha bila samaki. Kaka mmoja wa Lindi, kule Mtanda, ambaye ndo mwenzangu mkubwa katika huu ugonjwa, yeye alichimba tu shimo akatandika lile karatasi zito jeusi la mabwawa, siku tatu kamaliza. Ila lake limeshatobolewa na mizizi mara mbili. Langu halijavuja. Tunataniana sana kwa hilo.

Samaki wa rangi huku kwetu ni mtihani. Wale goldifishi wangu 14 niliagizia Dar, wakaja na basi. Ukiagiza, mwambie muuzaji asiwalishe siku nzima kabla ya safari ili wasije wakachafua maji ndani ya mfuko, na mfuko uwe na maji theluthi moja tu, kwingine kote hewa ya oksijeni. Hayo aliyafanya vizuri. Tatizo ni kwamba mfuko uliwekwa kwenye buti, pamoja na mizigo mingine, na lile joto la chini la basi kutoka Dar mpaka Mtwara unalijua, zaidi ya kilomita 500. Waliagizwa 16 wakafika 14. Siku hizi namwomba abiria ninayemjua aushike ule mfuko mapajani kama mtoto, nampa hela ya soda.

Wakifika usifungue mfuko ukamwaga. Uache uelee juu ya bwawa kama dakika 20 joto lifanane, alafu unatia maji ya bwawa ndani ya mfuko kidogo kidogo, ndo unawaachia wao wenyewe watoke, na yale maji ya mfuko usiyamwage bwawani.

Kosa langu la kwanza la kweli lilikuwa la mpira. Wiki ya tatu nikaona maji yamepungua, nikachomeka mpira wa bomba moja kwa moja bwawani nikaenda kushona. Maji ya bomba yana dawa, na siku hiyo yalikuwa yananukia kabisa, hata chai ilinukia. Nilivyorudi samaki wanakimbia kama wamewashwa upupu, wanajisugua kwenye ukuta. Wawili wakafa. Tangu siku hiyo maji yanakaa kwanza kwenye ndoo na mapipa wazi, siku nzima na usiku wake, juani, dawa iruke, ndo yanaingia. Kama una haraka sana badili kidogo tu, sehemu moja ya kumi, wala usijaribu zaidi. Na maji ya kisima pia usiyaamini kwa macho, huku kwetu pwani visima vingi vina chumvichumvi, na maji yakikauka kwa jua chumvi haikauki nayo, inabaki. Ukijazia jazia tu kila siku bila kutoa ya zamani unatengeneza bahari pole pole.

Alafu nikaweka perege. Hapa ndo nataka mnisikilize.

Mwanzoni mwa 2023 jirani alinipa perege kumi wadogo, kama kidole, nikasema waingie watakula viluwiluwi vya mbu. Wazuri kweli, wanakuja mkononi. Sasa perege jike anaweka mayai mdomoni mwake, anatotolea humo humo, watoto wakitishika wanarudi mdomoni kwa mama, kwa hiyo hakuna anayewala, wanapona karibu wote. Mpaka mwezi wa tisa nilikuwa siwezi kuwahesabu. Wanachimba chini, wanang'oa yungiyungi zangu, wanakula mizizi. Mama mkwe kila akija anasema, "Hawa sasa wamenona." Mimi nasema bado mama. Roho inaniuma. Unamlishaje mtu kwa mkono alafu unamkaanga?

Sasa unganisha hayo na mkorosho. Uani kwetu kuna mkorosho mkubwa, tuliukuta kiwanja kinanunuliwa, na tawi lake moja limekuja mpaka juu ya bwawa. Mimi nililipenda hilo tawi, kivuli. Kivuli ni kitu kizuri kweli kweli, kinapunguza joto na kinapunguza mwani. Lakini msimu ukifika mkorosho haudondoshi korosho peke yake. Unadondosha na mabibo. Plup. Plup. Usiku kucha. Bibo likiiva ni sukari na maji, likikaa kwenye maji ya moto linachacha, na kila mtu wa huku anajua mabibo yakichacha yanakuwa nini. Kwa maneno mengine nilikuwa nawapikia samaki uraka, ile pombe ya mabibo.

Novemba 2023, siku moja, mchana kutwa wingu zito mvua haishuki, joto la kutisha, upepo hakuna hata wa kutikisa kanga kwenye kamba. Saa nne usiku umeme ukakatika. Pampu ikazima. Nikalala.

Alfajiri nimeshaswali, saa kumi na moja hivi, bado giza, nikasikia sauti uani. Chwa, chwa, chwa. Kama watu wengi wanakunywa chai ya moto kwa pamoja. Nikatoka na tochi ya simu. Maji yote juu yamejaa midomo. Yaani usione samaki, ona midomo tu, mviringo mviringo, mikubwa kwa midogo, inafunguka na kufunga juu ya maji, na kati kati yao mabibo yanaelea mekundu na ya njano na povu kidogo pembeni, na harufu ile ya kilabuni. Wale goldifishi wangu wakubwa wamelala ubavu. Nikamwamsha mume wangu, tukaanza kuchota maji kwa sufuria na kuyamimina kutoka juu, yeye upande ule mimi upande huu, bila kuongea, mpaka kukakucha. Watu wanasema Mtwara kuchele, kumekucha, basi hiyo kuchele yangu ilinikuta nimelowa mpaka kiunoni na samaki 9 wekundu kwenye beseni, wamekufa. Perege walikufa wachache tu, wale ni wagumu.

Mama mkwe alikuwepo. Alikuja akaangalia beseni, akaangalia bwawa, akasema kwa upole kabisa, "Ningewala mimi hawa perege, hao wekundu wasingekufa."

Na alikuwa sahihi, hilo ndo linaloniuma mpaka leo. Ilinichukua wiki kadhaa za kusoma ili nielewe kwa kirefu kile alichokisema yeye kwa sentensi moja. Iko hivi. Maji ya moto yanabeba hewa kidogo kuliko maji ya baridi, maji ya digrii 20 yakishiba yana kama milligramu 9 za oksijeni kwa lita, yakifika digrii 30 yanashika kama 7 na nusu tu, na hapo hapo samaki kwenye joto anahitaji hewa nyingi zaidi, sio kidogo. Mchana mwani na mimea inatengeneza oksijeni kwa jua. Usiku inaacha kutengeneza, inaanza kuvuta na yenyewe kama samaki. Tope la chini linavuta. Mabibo yanayooza yanavuta. Kwa hiyo hewa inapungua usiku kucha, na inafika chini kabisa muda gani? Kabla tu ya jua kutoka. Ndo maana ukiuliza mwenye bwawa anakwambia jana jioni walikuwa wazima wanacheza! Jioni kila bwawa ni zima. Na kama mchana wake kulikuwa na wingu, ndo hata ile akiba ya mchana haikuwekwa. Mimi usiku ule nilikuwa na vyote, wingu, joto, upepo hakuna, pampu imezima, mabibo, na perege sijui mia ngapi.

Kwa hiyo ukiniuliza ushauri mmoja tu wa bwawa la huku kwetu, sio wa kule kwenye barafu, ni huu: nenda kaliangalie saa kumi na moja alfajiri. Sio jioni na chai yako. Wakiwa chini wametulia, una bwawa. Wakiwa juu wanahema, usiwape chakula siku hiyo, toa uchafu, mwagia maji kutoka juu yapate hewa, punguza samaki.

Nilipunguza. Wiki ile ile tulivua perege ndoo mbili, mama akawapaka nazi, nikala nikilia kidogo, watamu.

Baada ya hapo nikafanya ujinga mwingine. Nikasema tatizo umeme, nikanunua kipampu cha sola, kile chenye paneli ndogo na bomba linalorusha maji kama chemchemi. Kizuri hicho, wateja wote wanapiga picha. Kinafanya kazi mchana jua likiwaka, muda ambao mwani unatengeneza hewa mpaka inabubujika, na jua likizama kinalala. Yaani kinasaidia pale pasipohitaji msaada na kinakimbia pale penye vita. Kama unanunua sola nunua na betri, au fanya nilichofanya mimi mwishoni, kipampu cha hewa cha kuchaji, kina mpira na kijiwe cha kutoa mapovu, nakichaji mchana nakiwasha nikienda kulala usiku wa joto.

Filta yangu haina ufahari. Ni pipa la plastiki, pampu inapandisha maji yanaingia chini ya pipa yanapanda yanatokea juu yanarudi bwawani kwa kuanguka. Ndani chini kokoto, juu yake nyavu. Nyavu chakavu za kuvulia, nilizipata kwa wavuvi pale Mikindani kwa hela ya vocha, nikazifua mara nyingi kwa maji matupu nikazisokota mabunda. Wale wa kwenye video wananunua vibuyu maalumu vya plastiki kwa bei ya mbuzi, kazi ni ile ile, kuwapa bakteria sehemu ya kukaa. Maana kinyesi cha samaki kinatoa amonia, ambayo ni sumu, kundi moja la bakteria linaigeuza kuwa naitraiti ambayo bado sumu, kundi la pili linaigeuza kuwa naitreti ambayo samaki anaivumilia na mimea inaila. Hawa bakteria wanachukua kama wiki 4 mpaka 6 kujaa kwenye filta mpya. Ndo maana usijaze samaki siku ya kwanza, na ndo maana usije ukaosha zile nyavu kwa maji ya bomba zikang'aa, umewaua wote unaanza upya. Chota maji ya bwawa kwenye beseni, suuza humo, rudisha zikiwa bado chafu chafu.

Na mawe. Mimi nilipanga mawe ya matumbawe ndani na pembeni, yale yaliyobaki kwenye ujenzi, yanapendeza. Kaka wa Lindi akaja na vikaratasi vyake vya kupimia, akachovya, rangi ikapanda mpaka pH (kile kipimo cha asidi na alkali ya maji) 8 na nusu na kidogo. Yale mawe ni chokaa tupu. Ubaya wake ni kwamba amonia ile ile kwenye pH ya 8.5 na joto letu hili, karibu sehemu moja kati ya tano inakuwa kwenye ile hali ya sumu kali, wakati kwenye 7.5 ni kama mbili au tatu kwenye mia. Nikayatoa ya ndani yote. Ya nje yapo, yamekaa vizuri, mjusi anaotea jua.

Kuhusu maji ya kijani, watu wanayachukia bure. Ya kijani kidogo ni afya. Kipimo changu ni mkono: ingiza mkono wima mpaka kiwiko, ukiona vidole vyako vizuri sana maji hayana kitu, ukiviona kwa mbali poa, usipoona kabisa yamezidi, punguza chakula. Punguza chakula kwanza kabla hujaenda dukani kununua dawa! Chakula wape wanachomaliza ndani ya dakika mbili tatu, basi. Wateja wangu walikuwa wananitupia vipande vya maandazi, nimeandika kibao. Na yungiyungi zifunike nusu ya maji hivi au zaidi kidogo, zitakupigia kazi kuliko dawa yoyote. Ila lile gugu maji lenye ua la zambarau mtu akikuletea kama zawadi kataa kwa heshima, kaulize watu wa Ziwa Victoria.

Kenge sasa. Agosti 2024, saa nane mchana, nipo kwenye cherehani nashona sare za shule, naona kitu kinatembea taratibu pembeni ya ukuta kama mtu mwenye hati ya nyumba. Mrefu karibu kama mkono wangu. Akafika ukingoni, akatoa ulimi, akarudisha, akatoa, akaingiza kichwa. Mimi nikapiga kelele nikapanda juu ya kiti, nisingizie nini. Mama mkwe katoka jikoni na mchi. Hakukimbia, alitembea tu, akapiga ule mchi chini sakafuni mara moja, GO! Kenge kapotea kwenye mihogo ya jirani. Akaniambia, "Anakuja kuangalia huyo, si umesema ni wa kuangalia?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kenge alishachana mgongo wa samaki mmoja lakini, kidonda cheupe, nikamtenga kwenye ndoo ya lita 20 na vijiko vinne vya chakula vya chumvi ya mawe, ile tu ya mashamba ya chumvi ya huku huku, nikawa nabadili maji, siku tano akarudi. Usimwage chumvi bwawani kama una yungiyungi, zitaungua. Siku hizi juu nimetandaza wavu, imesaidia na kwa mdiria, yule ndege wa bluu, na kunguru pia.

Mjumbe wa mtaa naye alishakuja. Kuna mtu alisema kwangu nafuga mbu. Kwa malaria ya huku sio jambo la kudharau, nilimkaribisha vizuri, nikachukua bakuli jeupe nikachota bwawani pale mbele yake, mara tatu, nne, hakuna kiluwiluwi hata kimoja, samaki wanavimaliza. Nikaanza kujisikia. Akasema, "Na hizo ndoo?" Zile ndoo zangu za kulaza maji. Akachota mwenyewe. Jamani. Vinacheza kama vimealikwa harusi. Kumbe mbu wote wa mtaa nilikuwa nawafuga mimi kweli, ila kwenye ndoo, sio bwawani. Sasa kila ndoo imefungwa chandarua chakavu na mpira. Ndoo usiyoitumia igeuze.

Mvua nazo zina mambo yake. Mwezi wa tano 2024 wakati wa kile kimbunga Hidaya bwawa lilifurika usiku, asubuhi watoto wa jirani wanaokota perege kwenye mtaro, na kambale wangu wawili niliowaweka wapunguze watoto wa perege walishaondoka kwa miguu, maana kambale akipata unyevu anatembea. Niseme tu kwamba kabla ya kuondoka walishanilia goldifishi wadogo watatu, sikuwalilia. Nikaweka bomba la kumwagia maji ya ziada, mdomoni limefungwa wavu, sentimeta 5 chini ya ukingo, jambo la dakika ishirini ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, chakula cha samaki hakiji, nikawa nasaga dagaa nachanganya na pumba, wakala, hawakuniuliza kitu. Na ukizidiwa na samaki usiwapeleke mtoni tafadhali, hasa sato wa kununua, wanazaana na perege wetu wa asili wa mito ya huku na kuwapoteza. Kula, gawa, uza.

Msimu huo huo mtoto wangu alileta kwenye chupa visamaki vidogo vya rangi kutoka kwenye dimbwi la mvua, wapo wanaosema vinashuka na mvua. Kumbe mayai yake yanalala kwenye tope kavu kiangazi chote, mvua ikija yanatotoa, wanakua haraka haraka, wanataga, dimbwi linakauka wanakufa. Nilimwambia avirudishe. Alirudisha, ila alinuna.

Tawi la mkorosho bado lipo. Nilitaka likatwe, mama mkwe akasema mkorosho unaozaa haukatwi kwa ajili ya samaki, na mume wangu akakaa upande wa mama yake, kama kawaida. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa tisa tunafunga turubai chini ya tawi kwa mteremko, mabibo yanabiringika upande wa pili, mama anayaokota na ungo, anatoa korosho. Watu wakipulizia salfa, ile dawa ya ukungu, mikorosho yao nafunika bwawa lote. Na kila Jumamosi natoa ndoo kumi za maji ya chini, yale meusi, yanaenda kwenye matembele na mchicha wake pale nyuma. Sijawahi kununua mboga ya majani tangu mwaka jana. Anazigawa mpaka kwa mjumbe.

Saivi yupo Newala kwa ajili ya korosho zake. Wiki iliyopita simu imeita bado giza, nikashtuka, nikajua msiba. Nikapokea, mama shikamoo. "Marahaba. Umeshawaangalia?" Nikamwambia bado mama, nilikuwa nimelala. "Amka," akasema, akakata simu.